Snow Serpent wa 1985: Kagua Haya Kabla Hujalipa

Malalamiko tunayoyapata zaidi kwa wakusanyaji wa midoli ya askari ya G.I. Joe ni haya: kwenye picha Snow Serpent alikuwa mweupe pe, aliyefika ana rangi ya chai ya maziwa. Huyu ni askari wa baridi wa Cobra, lile jeshi la maadui. Kampuni ya midoli ya Hasbro ilimtoa mwaka 1985, kimo chake inchi 3¾, yaani takriban sentimita 9.5.

Umanjano huo si uchafu, kwa hiyo usimalize sabuni. Plastiki yenyewe imebadilika kwa mwanga, joto na hewa. Mara nyingi mikono hugeuka rangi kabla ya kifua, na muuzaji mjanja hupiga picha chini ya taa kali inayoficha tofauti hiyo. Omba picha ya mchana, mdoli akiwa juu ya karatasi nyeupe.

Anaweza kung'arishwa kwa peroksidi ya saluni ya asilimia 12, ile ya "volyumu 40", pamoja na mwanga wa jua. Vaa glavu, geuza sehemu mara kwa mara na ukague kila saa, kwani jua kali hupinda plastiki na peroksidi huweza kufifisha rangi iliyopakwa. Dawa ya klorini ya kufulia usiiguse kabisa. Umanjano unaweza kurudi, kwa hiyo mdoli aliyeng'arishwa auzwe kwa jina hilo, si kama aliyehifadhiwa vizuri.

Lakini usimtumbukize mzima. Ndani yake kuna chuma. Fungua skrubu ya mgongoni kwa bisibisi ndogo ya nyota yenye ncha inayokaa sawasawa. Ncha ikilegea, kichwa cha skrubu kitaliwa na mdoli hatafunguka tena. Utakuta oringi, yaani pete ya mpira: upande mmoja imeshika ndoano ya chuma inayounganisha miguu, ikapita katikati ya kiuno, upande wa pili ikazunguka nguzo ya skrubu kifuani. Hiyo ndiyo inayoshikilia mwili mzima. Mpira wa miaka arobaini hukauka na kukatika, na kiuno kikilegea shida kwa kawaida ni hapo. Oringi mpya ni rahisi kupata, ila isiwe nene wala fupi kupita kiasi: itavuta miguu juu kwa nguvu na kupasua kiuno katikati ya mapaja. Unapofunga, skrubu ikishika, acha.

Ribiti za viwiko hazitoki, hivyo mikono isilowekwe muda mrefu. Isuuze na uikaushe vizuri, vinginevyo kutu itachora mistari ya kahawia.

Kwa maoni yetu, umanjano kidogo unavumilika kuliko kidole gumba kilichovunjika, maana gumba halirekebishiki bila kuonekana. Tazama mikono yote miwili kwa karibu, kisha uulize kuhusu vifaa: bunduki, mkoba wa mgongoni, jozi ya viatu vya kutembelea thelujini na kombora la kupigia vifaru. Vifaa vya kuiga vimejaa sokoni, kwa hiyo vilinganishe unene na rangi na vile vya asili. Bunduki usiisukume kiganjani ukiwa chumba cha baridi: pasha mkono kwenye maji ya uvuguvugu, ukaushe, halafu ingiza mpini taratibu kutoka upande wa vidole.