Barua kwa Rehema, kuhusu vile vimishipa vya mashavuni

Leicester, Uingereza
8 Februari

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi sana, na za mama pia. Kila nikimpigia simu swali lake la kwanza ni kama nimeongea na wewe. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatunyoosha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia wote, na picha nimeziona. Sikutaka kukujibu kwa maneno mawili matatu ya simu, maana hili lako lina mambo ndani yake, na mengine najua hutayapenda.

Umeniuliza kama vimishipa vyekundu vilivyokutoka mashavuni na pembeni ya pua vinaondoka kwa leza, na kama ukija mwezi wa saba nitakufanyia bei ya kindugu. Vinaondoka. Ila mimi sikufanyii, na huyo dada wa saluni aliyekwambia nenda Jumamosi na laki mbili unusu asikuguse na mashine yake kabla hujaimaliza barua hii.

Kazi yangu unaijua juu juu tu. Kliniki yetu ni ya ngozi. Daktari anamwona mgonjwa kwanza, anaamua, mimi nesi ndiye ninayeendesha mashine. Wanaokuja kwa shida hii karibu wote ni Waingereza weupe pee, watu wazima, ngozi nyembamba, jua dogo tu wanaungua. Wengi wana rosasia, ule ugonjwa wa uso kuiva na kupata joto kila mtu akinywa chai ya moto au mvinyo. Mishipa midogo kabisa iliyo juujuu ya ngozi inatanuka, inalegea, hairudi tena ilivyokuwa. Upana wake haufiki milimita moja, lakini kwenye uso mweupe unauona ukiwa mlangoni. Hospitali za serikali kwa kawaida hazilipii, wanahesabu ni urembo, kwa hiyo watu wanatoa mfukoni mwao.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja, maisha yake yote ni bustani na upepo. Nikamfuta poda yote usoni, nikamfunika macho kwa vikinga vya chuma, maana mwanga ule ukiingia kwenye jicho ni upofu, na sisi wengine chumbani tukavaa miwani yetu. Nikampaka jeli baridi. Kichwa cha mashine kina kioo chenye ubaridi ambacho unakigandamiza kwenye ngozi ili juu pasiungue. Halafu unabonyeza. Mwenyewe anasikia mchomo kama mpira wa kufungia noti ukivutwa na kuachiwa shavuni, na kila nikibonyeza niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja ndani ya soksi. Nikawa naufuata mshipa mmoja kuanzia puani kwenda shavuni, taratibu, na pale kioo kilipopita mshipa haupo tena. Unapotea unautazama. Hiyo raha ya kazi yangu sijawahi kuizoea.

Akaondoka amevimba kidogo chini ya macho, na nikamwambia alale na mito miwili. Uvimbe wa namna hiyo unaisha siku moja mbili. Damu iliyopikwa ndani ya mshipa na kuta zake zilizoungua zinaliwa na mwili wenyewe polepole, wiki kadhaa. Mara nyingi haiishi kwa mara moja, mtu anarudi baada ya mwezi au zaidi, na miaka ikipita vingine vinaweza kuota, kwa sababu leza inafunga mshipa uliopo, haigusi kilichouleta. Neno hilo la mwisho lishike, nalirudia huko chini.

Sasa nikueleze inavyofanya kazi, ili mtu asikuzungushe. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, waliandika kwenye jarida la Science kwamba ukichagua rangi ya mwanga ambayo damu inainyonya kuliko vitu vingine, na ukaupiga kwa muda mfupi mno, joto linabaki mlemle kwenye mshipa na nyama ya jirani inasalimika. Mashine zote za mishipa ya uso zinaishi kwa wazo hilo. Damu inapenda mwanga wa kijani na wa njano. Kwa hiyo kuna leza ya kijani, KTP, ya nanomita 532, ndiyo niliyomfanyia yule bibi. Kuna na ya njano, ya nanomita 595, nzuri sana lakini inaweza kukuachia mabaka ya zambarau wiki nzima au mbili, ukionekana umetoka kupigana.

Tatizo ni kwamba melanini nayo, ile rangi ya ngozi yetu, inanyonya mwanga huohuo. Haijui kwamba wewe umekuja kutibiwa mishipa. Mwanga wa kijani ukimpiga mtu mweusi, kabla haujaifikia damu umeshanyonywa juu, na joto linabaki juu. Hapo unapata malengelenge, kisha madoa meusi ya miezi na miezi, au mabaya zaidi madoa meupe, mahali ambapo rangi imekufa. Huku tunatumia kipimo cha Fitzpatrick, cha mwaka 1975, ambacho siku hizi kina madaraja sita, la kwanza ni wale wanaoungua juani bila kupata weusi na la sita ni sisi weusi tii. Yule bibi ni la kwanza au la pili. Mimi unanijua. Wewe, Rehema, ni maji ya kunde, la nne hivi au la tano, tangu tukiwa wote darasani. Weupe ulio nao sasa ni wa kopo, na mashine ikipangwa kwa weupe wa kopo inampiga mtu wa maji ya kunde.

Haya, tumefika penyewe. Kwenu nani ana vimishipa? Mama yako hana, dada zako hawana, na kwenye harusi ya Mwanaidi mashavu yako yalikuwa safi kabisa, picha ninazo. Unaniambia uso unawaka ukikaa jikoni, jua la saa nne tu unalisikia kama pasi ya mkaa, vipele vimekuzunguka mdomo na vinyweleo vinaota mashavuni. Shemeji umemwambia ni joto la Dar. Joto la Dar tumekua nalo, halijawahi kumtoa mtu mishipa.

Ni ile tyubu, shoga. Ile ndogo unayokamulia kwenye losheni. Nyingi za namna hiyo ndani yake ni klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali, dawa ambazo daktari anamwandikia mtu mwenye ukurutu mbaya, apake kidogo, kwa siku za kuhesabu, na usoni anaogopa hata kuziandika. Zinaleta weupe, kweli, tena haraka, ndiyo maana mkorogo hauishi sokoni hata serikali ikipiga marufuku mara ngapi. Lakini steroidi inakula nyama inayoshikilia ngozi. Ngozi inabaki nyembamba, mishipa iliyo chini yake inatanuka na haina kitu cha kuificha. Uso unawahi kuliko sehemu nyingine kwa sababu ngozi yake inafyonza dawa zaidi. Na kama kwenye mchanganyiko kuna haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, hiyo nayo ukiipaka kwa miaka inaweza kukuletea weusi wa kibluu usiotoka, yaani kinyume cha ulichokinunulia.

Sikuhubirii. Nakumbuka vizuri nani alikuwa anaitwa mrembo na nani alikuwa anaambiwa asimame nyuma kwenye picha. Ninachosema ni hiki: ukipigwa leza huku unaendelea kupaka, tunafunga mshipa leo na tyubu inafungua mwingine kesho. Na ngozi iliyoliwa namna hiyo inaungua upesi na inapona kwa shida.

Lakini usiende sasa hivi ukazitupa zote. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukiikata steroidi kali ghafla uso unaasi: unakuwa mwekundu, unawasha, unavimba, vipele vinamwagika, na mtu anasema "unaona, nisipopaka ndiyo naharibika," anairudia. Ule si ugonjwa mpya, ni ngozi inadai kilichokuwa kinaificha. Unaweza kuchukua wiki, au miezi kwa aliyepaka miaka. Daktari wa ngozi anajua kukushusha taratibu, na dawa za kutuliza anazo. Nenda Muhimbili. Au kwa kuwa kila Desemba mnapanda Moshi kwa wakwe, pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamepikwa pale. Hao wameona nyuso za mkorogo kuliko daktari yeyote wa Leicester, bosi wangu akiwemo, na sidhani kama atakataa nikimwambia. Ndio haohao wa Moshi wanaotengeneza mafuta ya kukinga jua ya ndugu zetu wenye ualbino.

Mwache daktari akutazame vizuri, asisikilize maelezo yangu ya mbali. Mwambie kama unatokwa damu puani mara kwa mara, au kama kuna mtu wa ukoo wenu anatokwa. Mwonyeshe pia ile alama ya kifuani uliyosema ina kinundu chekundu katikati na vijimishipa vinavyotawanyika pembeni. Kimoja tu si kitu, wajawazito wanavipata sana, vikiwa vingi ndiyo wanapima ini.

Ukishakaa miezi bila tyubu, vimishipa vingine vitafifia vyenyewe kadiri ngozi inavyopata unene. Vitakavyogoma ndivyo vya leza. Na leza ya rangi yetu ni Nd:YAG, nanomita 1064, mwanga ambao jicho halioni. Melanini inauchukua kidogo, kwa hiyo unapita salama zaidi kwenda chini. Damu nayo haiupendi sana, basi inabidi nguvu iongezwe, na ukiizidisha kidogo, hasa pembeni ya pua, unaacha kovu la kishimo. Ndiyo maana nasema mkono unaoishika una maana kuliko mashine. Kuna na sindano nyembamba ya umeme inayochoma mshipa mmoja mmoja, hiyo haijali rangi, ila kwa ngozi zetu nayo inaweza kuacha doa.

Yule dada wa saluni muulize mashine yake ni ya nanomita ngapi. Akibabaika, hapo umeshapata jibu. Umesema inaondoa nywele, chunusi, madoa na mishipa, vyote kwa kichwa kilekile. Mimi naisikia kama IPL, ambayo si leza hata kidogo, ni mmweko wa rangi nyingi kwa pamoja, na wa rangi yetu ndio wanaoungua nayo zaidi. Muulize nani daktari wao. Muulize kama atajaribu kwanza sehemu ndogo karibu na sikio na kusubiri wiki kadhaa aone ngozi imejibuje. Muulize macho yako atayafunika na nini. Akikwambia pamba, shika mkoba wako uondoke.

Kwa sasa anza na jua, hilo halihitaji daktari. Sanskrini ya SPF 30 au 50 kila asubuhi hata ukiwa ofisini, na kuanzia saa nne mpaka saa kumi mwavuli au mtandio. Uso uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, dodoki liache. Kujifukiza acha kabisa. Pilipili sijui kama utaweza, wewe na mbatata za urojo siwatenganishi.

Na mwezi wa saba njoo vilevile, tiketi usiirudishe. Kitanda kipo, watoto wanamsubiri mama mkubwa wao, na sitakugusa uso, tutatembea tu. Niletee mchele wa Kyela kilo mbili na ubuyu ule wa Zanzibar, usio na rangi nyingi.

Msalimie sana shemeji na mama.

Wako,
Zuhura

Nimesahau: ukienda kwa daktari beba makopo yote kwenye mfuko, hata yale yasiyo na lebo, hata lile ulilopimiwa kwa kijiko pale Kariakoo. Usione aibu. Na nipigie picha za lebo, karibu na dirisha asubuhi, simu ikiwa haijawekwa ile ya kulainisha uso.