Ngoma kuukuu za bendi zisipelekwe kwa grinda

Kwako Mhariri,

Kila msimu wa tamasha za muziki ukikaribia, shule na makanisa ya huku kwetu Nyanza na Magharibi hutoa ngoma za bendi stoo. Hutoka zimefifia, zina kutu na madoa ya kijani, na mwalimu wa bendi ana haraka. Anachofanya ni kumpelekea fundi wa kuchomelea vyuma aliye jirani na kumwambia azing'arishe. Fundi anawasha grinda. Naandika kuomba jambo hilo likome, maana ngoma nyingi zinazofika kwangu hapa Kibuye baada ya grinda huwa sina tena la kuzifanyia.

Kazi yangu ni ngoma, hasa zile ndogo zenye nyuzi za chuma upande wa chini, ambazo mwili wake ni wa shaba, alumini au chuma. Jeshi la Wokovu limekuwa Kenya tangu 1921, na mkazi wa Vihiga au Kakamega hahitaji kuelezwa jinsi bendi ya kanisa inavyosikika Jumapili asubuhi barabarani. Ngoma za zamani ninazokutana nazo zaidi ni za Premier, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1922. Nyingine zimepigwa na baba, kisha mtoto, na sasa mjukuu ndiye anayezibeba.

Watu wengi hudhani ule mng'ao wa kromu ni mnene. Sivyo. Kwa kawaida haufiki hata mikroni moja, ilhali unywele wa binadamu una mikroni kama 70. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli ndipo pana shaba yenyewe au chuma. Diski ya grinda ikigusa tu, kromu imekwisha. Ukiona mahali pameingia umanjano hafifu, ujue umefika kwenye nikeli. Umanjano ukikolea, umefika kwenye shaba. Kuirudisha kromu ni kazi ya kiwanda chenye mapipa ya kemikali na umeme, na sijaona shule ya kijijini inayoweza kulipia kazi hiyo. Basi hupakwa rangi ya fedha ya kopo, ambayo huanza kubanduka kabla muhula haujaisha.

Hiyo ni sura tu. Kinachoniuma zaidi ni sauti. Juzi nililetewa ngoma ya shaba kutoka kanisa moja, imeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama ndani yake. Niliivua ngozi, nikailaza kifudifudi juu ya kioo kinene na kuweka tochi ndani. Mwanga ulipenya chini ya ukingo upande mzima. Ule ukingo ndio ngozi inaokalia, na diski ilikuwa imeula. Ngozi haikaziki sawa juu ya ukingo wa namna hiyo: ukikaza skrubu ya huku, kule inalegea, na mpigaji anabaki akizungusha ufunguo mpaka ibada inaanza. Upande wa chini palikuwa na mibonyeo miwili midogo, mmoja ukielekea mwingine. Ilitoka kiwandani hivyo ili nyuzi zilale vizuri juu ya ngozi. Fundi aliidhania kuwa ni ajali, akainyoosha kwa nyundo. Kibandiko cha kampuni kilikuwa kimesuguliwa hadi herufi zote zikafutika. Yule mpigaji, kijana mdogo, aliniuliza kama itarudi kulia kama zamani, na ilinibidi nimwambie kweli.

Mwenye ngoma anaweza kufanya mengi mwenyewe bila kunilipa hata shilingi. Kwanza achukue sumaku ndogo. Ikinata, mwili ni wa chuma. Isiponata, ni shaba au alumini, na uzito utamwambia ni ipi, kwa kuwa shaba ni nzito mara tatu na zaidi. Apige picha kwa simu kabla ya kufungua chochote. Kisha aoshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, akaushe vizuri. Nusu ya kinachodhaniwa kuwa kutu ni vumbi lililoshikana na mafuta ya mikono.

Kutu iliyotokeza juu ya kromu ya ngoma ya chuma huondoka kwa kipande cha karatasi ya foili ya alumini iliyokunjwa na kuchovywa majini. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo haikwaruzi. Sugua taratibu, futa tope jeusi, kausha, kisha paka nta ya gari. Msasa hapana. Asidi ya betri hapana kabisa. Nimeona inavyokula kromu na vidole vya anayeishika.

Alumini haipendi majivu wala magadi, ambavyo wengi wetu tumezoea kusugulia sufuria. Huifanya iwe nyeusi. Na kama alumini hiyo imepakwa kromu ikaota malengelenge, yaache. Kampuni ya Ludwig ya Chicago ilitengeneza ngoma nyingi za namna hiyo tangu miaka ya 1960, zile za Supraphonic, na mpaka leo wapigaji wakubwa huzitumia studio zikiwa na vidonda vyake. Sauti yake ni ile ile.

Shaba ndiyo ninayoiombea huruma zaidi. Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, inafaa, mradi shaba iwe haina kromu wala vanishi juu yake, na mradi usiiache ikakaukia kwenye maungio na matundu. Ina amonia, kemikali yenye harufu kali, na amonia huipasua shaba iliyokunjwa kwa nguvu. Jeshi la Waingereza kule India lilipata shida hiyo na risasi zake: maganda ya shaba yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika yalikuwa yakipasuka yenyewe, na ni mwaka 1921 ndipo wataalamu walipoeleza kwamba chanzo ni amonia ya mkojo wa farasi. Makanisa yetu mengi yana popo darini, na mkojo wa popo nao hutoa amonia. Kwa hiyo ngoma ya shaba isiwekwe juu ya dari wala chini ya popo. Iwekwe sanduku kavu, imefunikwa shuka.

Ndani ya ngoma pasisuguliwe. Huko ndiko kuna mihuri ya kiwanda na alama za watu. Katika ngoma moja iliyotoka upande wa Vihiga nilikuta majina ya wapigaji yameandikwa kwa kalamu ya risasi, moja chini ya jingine, miandiko tofauti. Niliifuta vumbi kwa brashi ya manyoya nikaishia hapo.

Liko pia suala la mizani. Serikali iliposimamisha biashara ya vyuma kuukuu Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, wanunuzi walitoweka mitaani kwa miezi kadhaa. Marufuku ilipoondolewa Mei walirudi, na ngoma za shaba zikaanza tena kupimwa kwa kilo pamoja na mabomba na betri. Nawasihi walimu wakuu na wazee wa kanisa waandike kila ngoma kwenye daftari la mali, na isitoke stoo bila saini za watu wawili. Idara za utamaduni za kaunti zetu zingetuma mtu azipige picha na kuziorodhesha, tukajua zimebaki ngapi na ziko wapi. Hilo halihitaji bajeti kubwa.

Sina ugomvi na mafundi wa kuchomelea. Ni wenzangu wa jua kali, na anayetaka kuonyeshwa anakaribishwa kwenye kibanda changu siku yoyote ya kazi.

Mkizifungua ngoma zenu, wekeni skrubu zote kwenye mkebe mmoja uliofungwa na ngoma yake. Skrubu za Kiingereza za zamani haziingiliani na za Marekani wala za Japani, na madukani hazipatikani. Hata iliyopinda isitupwe. Iliyopinda naweza kuinyoosha.

Fundi wa Ngoma,
Kibuye, Kisumu