Kwa fundi wa Ilula, asante kaka

Sikuuliza jina lako, nisamehe. Mimi ni yule wa gari dogo jeupe lililochemsha kupanda mlima Kitonga, mpira wa rejeta ukapasuka, na ubishi wangu wa kutosimama haraka ukapasua bloku ya injini.

Fundi wa kwanza alichungulia sekunde chache tu, akasema tafuta injini ya mtumba. Mfukoni nilikuwa na laki moja na nusu.

Wewe ulianza kwa kuchomoa stiki ya oili. Ukaipaka kwenye kidole, ukanionyesha: nyeusi, haijawa chai ya maziwa. "Maji hayajaingia ndani, bosi. Ufa uko nje." Ukasugua kutu kwa brashi ya waya, ukafuta kwa petroli mpaka mstari ukaonekana, mwembamba kama unywele. Ukatoboa katundu kadogo kila mwisho ili ufa usiendelee kutembea, ukauchimba kidogo, ukajaza gundi ya chuma. Nilitaka kuondoka jioni ile ile, ukakataa kata kata: ilale hadi asubuhi. (Nililala garini. Baridi ya huko, acha tu!)

Asubuhi uliungurumisha injini saa nzima, kipande cha boksi kavu kikiwa chini. Hakikulowa.

Elfu sitini, gundi na mpira mpya humo humo. Tena ukaniambia ukweli kwamba hii si dawa ya milele, niweke kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), nisiwashe bila kukagua maji.

Mafundi wengine, mchomoe stiki kwanza. Kaka, mpaka leo halivuji.