Kwa mpwa wangu anayetaka kuliona Ziwa Ellis

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka huku bara. Umeuliza kama wewe na wenzako watano mnaweza kupanda basi Ijumaa usiku hapo Mombasa, Jumamosi mkaliona Ziwa Ellis la Mlima Kenya, na Jumapili mkawa nyumbani. Nakujibu hadharani kwa sababu kila kiangazi kikikaribia swali hili hurudi, na wengi wanaouliza wanatoka pwani kama wewe.

Matembezi yenyewe ni ya siku moja, hilo kweli. Ila usiku wa kuamkia siku hiyo mlale getini Chogoria, lango la hifadhi ya mlima, na usiku wa kabla ya huo mlale Nairobi. Mkikosa hizo siku mbili, ahirisheni safari mpaka mzipate. Sababu ni hii: wewe unalala mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 3,450, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Pale mgandamizo wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa theluthi moja. Mwili unajua kujirekebisha, lakini kazi hiyo huchukua saa nyingi, na haufanyi vizuri ukiwa umekunjwa kwenye kiti cha basi bila usingizi wala maji ya kutosha. Nairobi iko karibu mita 1,700, geti la Chogoria mita 2,950. Hizo ndizo ngazi zenu.

Kabla ya kupanga lolote, ulizaneni afya bila kuoneana haya. Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, asipande kabisa. Oksijeni ikipungua chembe zake za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa, na huko juu hakuna wa kumsaidia haraka. Hata mwenye kubeba nusu ya vinasaba vya selimundu, anayejiona mzima siku zote, anaweza kuumia bandama kwenye mwinuko kama huo. Pwani yetu ina watu wengi wa namna hiyo wasiojua hali yao, basi pimeni. Mwenye pumu, upungufu wa damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mwenye mafua yaliyoshuka kifuani abaki nyumbani, hata kama ameshalipa.

Kuna jambo la pili naliona kwenye picha ulizonitumia. Lile ziwa la bluu lililo chini kabisa ya jabali, kana kwamba limewekwa ndani ya kikombe, si Ellis. Hilo ni Michaelson, katika bonde la Gorges, karibu mita 4,000, na picha hupigwa kutoka juu ya jabali liitwalo The Temple. Kutoka getini kwenda huko na kurudi kwa siku moja hapana. Hiyo ni safari ya kulala hema njiani, na yafaa ipangwe hivyo. Ellis liko wazi zaidi, katikati ya nyika ya nyasi na vichaka, na asubuhi vilele vya mlima hujitokeza nyuma yake. Linatosha, na halihitaji kulinganishwa na jingine.

Nendeni Januari au Februari, au mwezi wa nane na wa tisa. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huligeuza tope jeusi la njiani kuwa kitu kingine, na upande huu wa mashariki hupata mvua nyingi hata nje ya msimu.

Barabara ni Nairobi, Embu, Chuka, kisha Chogoria. Tokeni Nairobi saa moja asubuhi Ijumaa. Kutoka Chogoria mjini hadi getini ni kama kilomita 30, kupita mashamba ya chai, halafu msitu, halafu mianzi. Matatu haziendi. Gari dogo la chini linaweza kukwama hata siku ambayo mjini kumekauka, kwa sababu kivuli cha mianzi hakiachi udongo ukauke. Kodini pale mjini gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, na dereva awe wa hapo hapo, anayezijua zile kona. Pataneni bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kuwafuata, kabla hamjaondoka. Muwe getini kabla ya saa kumi jioni, mpate mwanga wa kujipanga na mtembee kidogo taratibu. Mwili hujizoesha vizuri zaidi ukitembea kidogo kuliko ukijifunika blanketi mara moja.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, hawapokei taslimu. Lipieni mkiwa Chogoria mjini mtandao ukiwa mzuri, na kila mtu abebe kitambulisho halisi, la sivyo hatapata bei ya mwananchi. Kupanda peke yako hakuruhusiwi, na ninyi kwa sita mtafuteni kiongozi wa mlima mwenye kibali. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo msinunue katoni ya maji njiani. Kila mtu aje na chupa yake ya kudumu.

Siku yenyewe. Amkeni saa kumi na moja alfajiri, mle uji na mayai, mjaze chai ya tangawizi kwenye thamosi. Saa kumi na mbili na nusu kukipambazuka muwe mnatembea. Kwenda ipiteni njia ya Kilima cha Mugi, inayotoka msituni mapema na kufungua macho. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 20. Kutoka getini hadi ziwani mnapanda mita 500 tu, na ndicho kinachowadanganya vijana. Huona kilima kifupi, wakapanda kama wanakimbilia feri ya Likoni, na baada ya nusu saa kichwa kinagonga. Kipimo ni maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikatiza upumue, mwendo uko sawa. Ukishindwa, punguza. Anayeongoza mstari awe yule mzito zaidi kwa mwendo, si mwepesi. Mkienda hivyo, na mapumziko mafupi, mtafika ziwani kama saa nne na nusu.

Saa hiyo ina maana yake. Jua linapochoma mabonde ya chini, unyevu wa msitu hupanda na kuwa wingu, na mara nyingi kufikia saa sita wingu hilo limeshafunika nyika yote. Ukungu ukishuka, vijia vya nyati vinafanana na njia ya watu. Kwa hiyo kaeni ziwani dakika 45, mle, mpige picha, mgeuke. Na hata kama hamjafika, ikigonga saa saba mchana mnageuka pale pale mlipo. Kubalianeni Ijumaa usiku mkiwa mmeshiba na mna akili timamu, maana anayeliona ziwa kwa mbali na kichwa kinamuuma hafai kuamua. Mkisikia radi, shukeni kutoka kwenye migongo ya vilima mara moja.

Ardhi ya huko inataka macho. Nyasi humea kwa mashungi makubwa kama ndoo, na kati ya shungi na shungi kuna shimo la tope. Ukikanyaga juu ya shungi linalala ubavu, na kifundo cha mguu kinalala nalo. Kanyaga kwenye shina la shungi, pale linapoota, ukitanguliza bakora. Buti zinazoshika kifundo ndizo zinazofaa. Wapagazi wengi huvaa gambuti, nao wana sababu yao, ila usivae gambuti mpya siku hiyo ya kwanza. Kaza kamba za buti zaidi wakati wa kushuka, kidole kisigonge mbele. Kucha nyeusi hutokana na hilo.

Kuhusu nguo, piga hesabu: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mombasa ikiwa 30, ziwani tarajia 8 au 10, na upepo hauhesabiwi hapo. Usiku getini ni baridi zaidi. Nendeni Kongowea kwenye mitumba mtafute sweta la sufu au flisi, kofia ya sufu na glavu; ni rahisi na zinafaa kuliko vitu vipya. Jinzi na fulana za pamba ziacheni. Pamba ikilowa jasho hushika maji na kukunyonya joto, na mtu hutetemeka hata pasipo mvua. Mpangilio ni tatu: fulana nyepesi isiyo ya pamba, flisi, kisha koti la mvua lisilopitisha upepo. Anza kutembea ukiwa unahisi baridi kidogo, maana baada ya dakika kumi utapata joto. Flisi ivaliwe mkisimama, kabla ya kuanza kutetemeka. Jozi ya pili ya soksi na flisi vikae kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya begi. Na jua la huko, hata kukiwa na baridi, huchoma vibaya: kofia yenye ukingo, miwani, mafuta ya kukinga jua mpaka nyuma ya masikio.

Kila mtu maji lita 2. Mkichota mtoni na kutumia vidonge vya kusafishia, ngojeni mara mbili ya muda ulioandikwa, kwa kuwa kwenye maji baridi dawa hufanya kazi polepole. Chakula cha pwani kinafaa sana huko: tende, kashata, karanga, mahamri, na chapati za kufunga. Hamu ya kula hupungua juu, basi msisubiri njaa; kitu kidogo kila saa. Tochi ya kichwani kila mtu, simu ndani ya nguo karibu na mwili, kwani baridi humaliza betri, na ramani iwe imepakuliwa.

Nyati na tembo wapo, msituni hasa, lakini na nyikani pia. Kaeni pamoja, zungumzeni kwa sauti ya kawaida kwenye vichaka, na mtu asijitenge kwenda haja bila kumwambia kiongozi.

Sasa dalili za ugonjwa wa mwinuko, na hapa nisikilize vizuri. Kichwa kuuma kidogo, hamu ya kula kupotea, uchovu: simama, kunywa maji, meza paracetamol ukitaka, usipande zaidi mpaka kiishe. Kikizidi au ukatapika, shuka. Mtu akianza kupepesuka, kuropoka, kukohoa sana au kuhema akiwa amekaa, hilo ni la hatari. Mwambie atembee mstari mnyoofu kisigino kwa kidole, hatua kumi. Akishindwa anashushwa saa hiyo hiyo, na watu wawili pamoja naye, hata kama anaapa yuko sawa. Hospitali iko Chogoria mjini. Kuhusu asetazolamidi, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari kabla ya safari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Usipewe kidonge na rafiki njiani.

Mkirudi getini saa tisa au kumi, dereva awe ameshafika. Teremkeni kukiwa na mwanga, mlale Chogoria, na Nairobi muishike Jumapili asubuhi. Tiketi ya treni ya kurudi Mombasa kata ya alasiri, si ya asubuhi. Msalimie dada yangu, na umwonyeshe barua hii kabla hujamwomba nauli.

Mjomba wako