Risala ya wahudumu na wapishi wa hoteli na migahawa ya Kigoma Ujiji kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, waajiri wetu mliokubali kufunga milango mchana huu, wasimamizi wa zamu mnaohitimu leo, wafanyakazi wenzetu. Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu sana. Umezoea kutukuta tumesimama, trei mkononi. Leo tumeketi nawe, na tunashukuru umepata muda wa kutusikiliza.

Kikundi chetu kinaunganisha wapishi, wahudumu wa meza, wasafisha vyumba, waosha vyombo na watu wa mapokezi, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, pamoja na kina mama ntilie wa Kibirizi. Mafunzo haya ya siku tatu kuhusu uongozi na afya ya akili tumeyaandaa kwa michango yetu wenyewe. Tumewaita wasimamizi wa zamu kwanza, kabla ya sisi wengine, na sababu yake ni jambo tuliloliona kwa macho.

Usiku mmoja treni ya kutoka Dar es Salaam iliingia kwa kuchelewa, abiria wakamiminika kwa mkupuo. Watu sita walikula migebuka na ugali wa muhogo, wakaondoka bila kulipa. Bili ikaandikwa kwenye jina la mhudumu, mwenzetu ambaye jina lake tunalihifadhi. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Saa tano usiku alikutwa stoo, ameketi juu ya gunia la mchele, amejifunika uso kwa aproni, mikono inamtetemeka. Jikoni wanaita, oda ya meza namba nne tayari, wala hasikii. Msimamizi wa zamu, mama mtu mzima, hakumfokea. Aliichukua ile trei akaipeleka mwenyewe mezani, kisha akarudi, akaketi kwenye gunia la pili, akamuuliza: "Mwanangu, mara ya mwisho umelala lini?"

Kumbe alikuwa na siku tisa bila mapumziko. Kesho yake mama alimpanga mtu mwingine kwenye zamu, akamsindikiza kijana hospitali, na ile bili akaenda kuizungumza kwa mwenye mgahawa. Kijana yule bado yupo kazini. Tumewahi kuwa na wengine waliolia stoo na wakafukuzwa kesho yake, na hao hatujui waliko. Hilo linatuuma hadi leo.

Mheshimiwa, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliutambua uchovu unaotokana na kazi: mtu kuishiwa nguvu, kuichukia kazi aliyokuwa akiipenda, na utendaji wake kushuka. Liliueleza kuwa unatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Kwa hiyo hauponi kwa kumwambia mtu avumilie. Mwaka huohuo, huko Uingereza, Kris Hall alianzisha The Burnt Chef Project kwa ajili ya watu wa jikoni wanaoteseka kimya. Tulipozisoma habari zao tulijiona sisi: kelele, joto, saa za usiku, na bia ya kufunga zamu ambayo kwa wengine imegeuka dawa ya usingizi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na mtu apate saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Hasara nayo haikatwi hivihivi kwenye mshahara. Sharti mfanyakazi apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Hatusemi waajiri wetu ni wabaya. Wengi wao wanahangaika na umeme, mafuta na madeni kama wafanyavyo wengine mjini hapa. Ila ratiba ya zamu hupangwa na mtu mwenye kalamu, na kalamu ile inaweza kumpumzisha mtu au kumvunja.

Tunaomba ofisi yako imwelekeze mtaalamu wa afya ya akili atutembelee mara moja kwa mwezi. Aje mchana kati ya saa tisa na saa kumi na moja, maana huo ndio muda wetu wa kupumua. Tunaomba pia maofisa kazi wafike usiku, siyo asubuhi tu, wazione zamu zilizounganishwa. Waajiri wetu, kwenu ombi ni moja: bili ya mteja aliyetoroka iacheni kuwa ya mhudumu kabla hamjamsikiliza.

Mama tuliyemtaja yupo safu ya pili, mwenye kitenge cha kijani. Ndiye aliyewafundisha wenzake siku ya pili ya mafunzo haya. Tunaomba asimame karibu nawe utakapokabidhi vyeti.

Tunaomba kuwasilisha.