Mdogo wangu, ardhi ilikuwa kavu siku ile pia

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza mara tatu sauti uliyotuma kwenye kundi la familia. Unamwambia shemeji anayehamia Oklahoma, huku Marekani, asihangaike na handaki la kujificha, kwa kuwa ardhi imekauka na machipuko haya hayatakuwa na tornado, ule upepo mkali wa kuzunguka. Na mfano umempa: Mei 24, 2011, siku ambayo kwa maneno yako kaka aliogopa bure.

Mimi siku ile naiona baraza yako. Ving'ora vinalia, mkeo amejilaza kwenye beseni la bafuni chini ya godoro, na wewe umesimama nje na mtoto begani, unamwonyesha wingu. "Kaka, nyufa za uwanja huu zinameza mguu. Mvua itoke wapi?" Nikampokonya mtoto. Nikakusukuma, nikakwambia neno lile, na mkeo akalisikia. Tornado ikapita kaskazini yetu, El Reno hadi Piedmont, ya daraja la EF5, la juu kabisa, ikaua watu 9. Nawe ukasema, umeona, haikuja.

Najua wazo lako ulilitoa wapi. Kule Kongwa baba alikuwa akifukua udongo kwa jembe, akiufinyanga kiganjani. Ukimwagika kama jivu, hapandi. Lakini unyevu wa Oklahoma hautegemei shamba peke yake. Unaletwa na upepo wa kusini kutoka Ghuba ya Mexico, na hupita hata juu ya ardhi iliyopasuka. Udongo ukiwa na maji, sehemu kubwa ya joto la jua huishia kuyageuza mvuke. Udongo mkavu wa New Mexico na magharibi ya Texas hauna cha kugeuza, kwa hiyo joto huingia hewani. Hewa hiyo ya moto husukumwa mashariki, ikalala juu ya ile yenye unyevu kama kifuniko cha sufuria. Siku nyingi kifuniko hushinda, wingu halipandi, na wewe unapata la kusema. Siku kinapoachia, vyote vilivyobanwa chini hupanda kwa pamoja. Hicho ndicho ulichokuwa unamwonyesha mtoto.

Nusu ya hoja yako ni ya kweli, na nakupa. Ukame ukienea, ngano hukauka mapema, haitoi mvuke, na mpaka wa hewa kavu husogea mashariki, ukausogeza unyevu mbali nasi. Mwaka 2012 Mei na Juni zilikuwa tulivu kuliko kawaida. Lakini usiku wa Aprili 14 kuamkia 15 mwaka huohuo Oklahoma ilipoteza watu, katika mji wa Woodward. Huyo shemeji anakwenda kuishi nyumba moja, mtaa mmoja. Utulivu wa msimu mzima utamfaa nini usiku mmoja kama huo?

Mwambie achimbe. Fedha ikipungua nitachangia, kama nilivyotaka kuchangia lako ukasema namdharau mwenye nyumba. Sikukudharau. Wewe ndiye uliyenipokea uwanja wa ndege na koti lako mwenyewe, ukatetemeka njia nzima. Mtu wa namna hiyo ningemdharauje? Nilikuwa na dakika chache, na mtoto wa miaka miwili alikuwa begani pako akicheka, anafurahia radi.

Radhi ya neno lile naiomba, hapahapa, mkeo akisoma. Ya kumchukua mtoto siiombi.

Kaka yako