Hamsta anang'ata waya usiku kucha? Anza kwa kuangalia maranda

Voisi noti tunazopata sana hapa dukani kwetu, tunapouza hamsta, zinaingia saa tano au saa sita usiku na karibu zote zinafanana, kwa nyuma unasikia krrr krrr ya meno kwenye waya za keji alafu sauti ya mzazi aliyechoka anauliza jamani huyu mnyama ana shida gani mbona mchana alikuwa katulia tu. Juzi mama mmoja wa Tabata katutumia ya dakika nzima, hajaongea neno, ni kelele ya keji mwanzo mwisho. Tulimuelewa kabisa, na ndo maana tumeamua tuandike hii kitu vizuri mara moja, maana kila mteja tunamuelezea kipande kipande.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Hamsta, haka kamnyama ka kufuga ka jamii ya panya, ni mnyama wa usiku, kwahiyo akiamka saa mbili saa tatu akakimbia kwenye gurudumu lake, akachimba, akajaza chakula mashavuni akaenda kukificha kona, hiyo ni afya, mshukuru Mungu. Kutotulia tunakozungumzia hapa ni kule kung'ata waya palepale mpaka manyoya ya puani yananyonyoka, kupanda ukutani mpaka kwenye paa la keji anajiachia anaanguka chini anarudia tena, au kuzunguka kona moja kama ana kitu amepoteza. Ukiona hivo ujue nyumba haimtoshi, na mara nyingi sana tatizo linaanzia chini, yani kwenye kina cha maranda.

Hawa hamsta wakubwa wa rangi ya dhahabu asili yao ni Syria, mashamba ya ngano karibu na Aleppo. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama anaitwa Israel Aharoni alichimbua mama na watoto wake 11 huko, na karibu hamsta wote wa aina hii wanaofugwa duniani leo wametokana na kile kizazi kimoja. Na alilazimika kuchimbua kweli, maana kule porini wanaishi chini ya ardhi, mashimo yao yaliyopimwa yana kina cha sentimita 65 kwa wastani, mengine yanapita mita moja. Sasa mnyama wa namna hiyo unamuweka kwenye sahani ya plastiki yenye maranda vidole viwili, chini anagonga plastiki, pembeni waya, hana pa kuingia. Lazima atafute mlango.

Watu wa Chuo Kikuu cha Bern kule Uswisi waliwahi kulipima hili, matokeo yakatoka 2006. Waliwapa hamsta maranda ya kina cha sentimita 10, wengine 40, wengine 80. Wale wa sentimita 10 ndo waling'ata waya kuliko wote, wale wa 80 hawakung'ata kabisa. Sisi baada ya kujua hivo tuliacha kuuza zile keji ndogo za rangi rangi zenye ngazi na mabomba, zinapendeza na watoto wanazililia dukani lakini hatuwezi kumuuzia mtu kitu tunachojua kitamrudisha kwetu na malalamiko, na mnyama ndo anaumia.

Tunachoshauri ni sehemu ya chini isiyopungua sentimita 100 kwa 50, na maranda angalau sentimita 25 upande mmoja, ukiweza 40 weka 40. Upande mwingine unaweza kuwa mfupi ndo unaweka gurudumu na chakula. Sio lazima ununue kitu cha dukani, fundi seremala yoyote anaweza kukupigia boksi la plaiwudi lenye kioo mbele na wavu wa chuma juu, wavu wenye matundu madogo lakini sio ule wa kuku, anapita. Au chukua kontena kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, kata mfuniko, funga wavu. Kwa hamsta kuta za kioo au plastiki ni bora kuliko waya maana hana cha kung'ata na maranda hayamwagiki sebuleni.

Kuhusu maranda yenyewe tunaomba mtusikilize. Usipite tu kwa fundi barabarani ukazoa kiroba. Mengi ya yale yamechanganyika na vumbi la MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zile za kupaulia, na hamsta anakaa na pua yake humo ndani masaa yote. Muulize fundi hizi ni mbao gani. Yasiwe mabichi, yasiwe na harufu kali, uyapepete vumbi kwanza. Alafu changanya na nyasi kavu na tishu nyeupe isiyo na manukato uliyochana chana, ushindilie kwa mkono. Bila nyasi na bila kushindilia handaki linabomoka kila akichimba na yeye anakata tamaa anarudi kwenye waya.

Gurudumu nalo. Yale yanayokuja na keji ni madogo mno kwa hamsta mkubwa. Muangalie akikimbia, mgongo ukipinda kichwa kikaangalia juu basi limembana, anahitaji lenye kipenyo cha sentimita 28 hivi, na pale anapokimbilia pawe bapa bila vijiti vya kunasa miguu. Hawa wadogo vibete sentimita 20 inatosha.

Sasa wiki ya kwanza, na hapa ndo wateja wengi wanateleza kwa upendo kabisa. Mtoto kaletewa hamsta, marafiki wa mtaa mzima wamekuja kumuona, kila mtu anataka kumshika, mchana wanamuamsha, jioni wanamuweka mezani wampige picha. Huyu mnyama ametoka dukani kwetu, kabebwa kwenye boda au bajaji, kafika sehemu ambayo hamna hata harufu moja anayoijua, na macho yake ni dhaifu, dunia yake ni pua na masikio, anasikia mpaka sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii. Kwahiyo siku tatu za kwanza maji, chakula, basi. Usimshike. Siku ya nne ongea nae taratibu ukimuwekea chakula. Alafu anza kuweka mkono ndani umetulia na mbegu ya alizeti kiganjani, aje mwenyewe, asipokuja leo atakuja keshokutwa. Mkono uje kutoka pembeni, ukitoka juu anaona ni mwewe. Kuna kaka mmoja wa Kimara ilimchukua wiki tatu, saivi hamsta wake anapanda kiganjani peke yake kila jioni.

Tukija na usafi, watu wa Dar tunapenda usafi na tunaeleweka, lakini ukitoa maranda yote kila Jumamosi ukaosha keji na sabuni ya harufu unamfutia nyumba nzima, kila wiki anaanza upya kuhamia. Toa kona anayokojolea tu, kila siku mbili tatu. Ukibadilisha mengi bakiza sehemu kubwa ya yale makavu ya zamani pamoja na kiota chake.

Joto halichezewi. Kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 hapa Dar chumba kikipita digrii 30 hamsta yuko kwenye hatari, na umeme ukikatika feni nayo inazima. Mtafutie chumba chenye kivuli, mbali na dirisha la jua la mchana na mbali na redio. Kitu kinachosaidia sana ni chungu cha udongo, hata kilichovunjika mdomo, kifukie nusu kwenye maranda atalala humo, au muwekee kipande cha marumaru alale juu yake. Chupa ya maji yaliyoganda iviringishe kitambaa uiegemeze nje ya keji. Ukimkuta kajilaza bapa anahema haraka au ana mate mdomoni mpeleke sehemu ya baridi saa hiyohiyo na mpigie daktari wa mifugo. Wa Njombe na Makete kwenu ni kinyume, mwezi wa 6 na wa 7 unaweza kumkuta amejikunja wa baridi kabisa ukadhani amekufa, kumbe amezubaa kwa baridi, mpashe joto taratibu mkononi kabla hujachimba kaburi.

Kitu kingine ambacho hatuulizwi ila tunakisema: jike anaingia joto, yani anakuwa tayari kwa dume, kila baada ya siku 4 hivi. Usiku huo anahangaika zaidi na harufu yake inabadilika, kesho yake katulia. Ukiandika kwenye kalenda utaiona yenyewe. Na tafadhali usimnunulie mwenzake ili asiwe mpweke. Hamsta wa Syria anaishi peke yake, ukiwaweka wawili watapigana mpaka mmoja afe, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Tunachoogopa zaidi kwa hamsta mgeni sio kelele, ni ukimya. Mdogo aliyetoka kuhamishwa, amejikunja, hataki kula, na huku nyuma mkiani pamelowana na kuharisha, huyo usisubiri kesho, huo ugonjwa unaua ndani ya siku mbili tatu na unahitaji daktari.

Kama umesoma yote na bado usiku ni krrr krrr, tutumie video mbili, moja ya keji nzima ikiwa na rula imesimamishwa kwenye maranda, nyingine ya saa nne usiku taa ikiwa hafifu na wewe umekaa mbali. Ya mchana haitusaidii, anakuwa amelala. Boksi la fundi tunalitengeneza kwa oda, na keji yako ya zamani usiitupe, itafaa kumbebea siku ya kwenda kwa daktari.